Mzee amehama, mkopo wa boma umebaki: lipa kwa laini yako

Chukua mfano huu. Mama ana duka la mitumba sokoni Amukura. Yeye na mume wake walikopa 500,000 benki, wakaweka rehani taito ya shamba ambalo nyumba yao imesimama. Miezi 36, riba ya asilimia 18 kwa mwaka kwa deni linalopungua. Hiyo inakuja kama 18,000 kila mwezi.

Baada ya mwezi wa 14, ndoa ikakataa. Hawakuenda kortini. Mzee alibeba nguo zake akahamia Malaba, karibu na kazi yake ya malori. Wazee wa pande zote mbili wakaketi, wakakubaliana kila mmoja atoe 9,000 mwezi ukiisha.

Mpaka hapo mambo ni sawa. Shida ni njia ambayo zile 9,000 za mama zilipitia. Alimtumia mzee, tena na ya kutoa juu, ili mzee alipe zote pamoja kwa sababu mkopo uko kwa jina lake. Miezi saba hivyo. Halafu barua ya benki ikafika: malipo ya miezi minne hayajaonekana. Na simu ya mama inaonyesha nini? Kwamba alimtumia mwanaume fulani 63,000. Haisemi za nini. Zinaweza kuwa za unga, za karo, hata za matanga.

Mfano tumeutunga, ila ukiishi huku Teso Kusini pengine unamjua mtu wa aina hiyo.

Benki haikuachana na mtu

Mogeji ile ya kununua nyumba mjini ni ya watu wachache Kenya, akaunti kama 30,000 nchi nzima. Huku kwetu deni la nyumba huingia kwa mlango mwingine: taito inawekwa ili mtu apate pesa za biashara, pikipiki au karo. Nyumba iko juu ya shamba, na shamba likienda, nyumba inaenda nalo. Kwa hivyo usiseme "sisi hatuna mogeji".

Mkitengana, mkataba na benki unabaki vile ulivyokuwa. Makubaliano ya wazee yanawafunga nyinyi wawili kwa heshima, lakini benki haikuwa kwenye kile kikao.

Angalia ulitia saini gani. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mume au mke anayeishi kwenye nyumba hiyo naye atie saini kabla ya rehani kukubalika. Hiyo ni saini ya ridhaa: unakubali nyumba iwekwe. Saini ya mdhamini au ya mkopaji mwenza ni nyingine, na hiyo inakufanya wewe mwenyewe udaiwe hata nyumba ikiuzwa na pesa zisitoshe. Wengi hutia zote siku moja, karatasi juu ya karatasi. Omba nakala usome. Na kama hukutia saini yoyote na ulikuwa unaishi hapo, mwone wakili haraka, kwa sababu rehani yenyewe inaweza kuwa na kasoro.

Kama taito haiko benki ila imelala kwa droo ya mtu aliyewakopesha, bila kusajiliwa, huyo hawezi kuingia au kuuza shamba bila amri ya korti. Akikutisha, mwambie hivyo kwa upole.

Pesa ipite wapi

Lipa moja kwa moja kwa paybill ya benki, kwa laini yako, ukiweka namba ya akaunti sahihi. Hapo kwa akaunti ndipo watu hukosea. Benki nyingi hukata mkopo kutoka akaunti ya kawaida ya mkopaji. Ukituma tarehe 25 na makato ni tarehe 30, mwenye akaunti ana siku tano za kuitoa akanywe nayo soda Busia. Uliza benki swali hili kwa maneno haya haya: "Nikilipa hapa, mwenye akaunti anaweza kuitoa kabla ya makato?" Kama jibu ni ndiyo, omba namba ya akaunti ya mkopo wenyewe.

Laini nayo isajiliwe kwa kitambulisho chako. Unacheka, lakini kuna akina mama wanaotumia laini iliyosajiliwa na mzee miaka kumi iliyopita. Siku utakayoomba taarifa ya miamala, itatoka kwa jina lake, na malipo yako yote yataonekana ni yake. Kagua leo, kabla hujalipa tena.

Kama mzee yuko ng'ambo, Tororo kwa mfano, na anatuma kwa laini ya Uganda, kubalianeni kiasi kwa shilingi za Kenya zinazofika. Ada na bei ya kubadilisha pesa zikikatwa njiani, 9,000 yake inaweza kufika ikiwa pungufu, na pengo hilo benki inalihesabu kama deni.

Rekodi hizi zina kazi pia siku ya kugawana. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inagawa kulingana na mchango wa kila mmoja, na mchango si pesa pekee. Kulea watoto, kulima na kazi za nyumbani zinahesabiwa. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema, katika kesi ya JOO dhidi ya MBO, kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Kulima utatafuta shahidi. Malipo ya benki yenye jina lako hayahitaji shahidi.

Barua ikifika

Usiifiche chini ya godoro. Baada ya mwezi mmoja wa kukosa kulipa, benki inaweza kutoa notisi, na inakupa muda usiopungua miezi mitatu kurekebisha. Ikishindikana, inafuata notisi ya kuuza ya siku 40, na nakala yake lazima ipewe mume au mke aliyetoa ridhaa. Kisha dalali naye atoe siku 45. Ni muda mrefu, ila riba haipumziki hata siku moja.

Nenda ndani ya ile miezi mitatu ya kwanza. Omba mkopo upangwe upya. Katika mfano wetu, baada ya malipo 14 deni limebaki kama 337,000. Likitandazwa tena kwa miezi 36, malipo yanashuka mpaka karibu 12,200 kwa mwezi. Utalipa kama 40,000 zaidi mpaka mwisho, na kusema kweli inauma, lakini 12,200 ni kiasi ambacho duka linaweza kubeba hata mzee akinyamaza. Au kateni kipande cha shamba mkiuze wenyewe, kwa ruhusa ya benki na bodi ya ardhi, kabla ya dalali kuuza lote.

Kama unaogopa mzee atauza au kukopa tena kisirisiri, unaweza kuweka zuio, ile watu huita koshen, kwa ofisi ya ardhi Busia. Halizuii benki iliyo na rehani tayari. Linazuia mpya. Na huhitaji kuwa na talaka ili uombe korti itamke haki yako juu ya hiyo mali.

Ukishalipa mwezi huu, mtumie mzee ujumbe mfupi, bila matusi, uuhifadhi: "Baba watoto, nimelipa 9,000 leo kwa akaunti ya mkopo. Namba ya muamala ni hii. Yako inangojwa kabla ya tarehe 30."