"Mama, ni mafua yangu?"

Nilikuwa namlisha mwanangu uji. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo halishwi haraka: unamketisha wima, unamshika kidevu, unampa nusu kijiko, unasubiri ameze. Dada yake, miaka mitano wakati huo, alikuwa amechuchumaa pembeni akimfuta udenda kwa kipande cha kanga. Akauliza bila kunitazama: "Mama, ni mafua yangu?"

Sikumwelewa, nikamdadisi taratibu. Kumbe siku tuliyomleta mdogo wake kutoka hospitali, yeye alikuwa na mafua, akambusu. Bibi akamgombeza: utamwambukiza mtoto! Tangu siku hiyo, kila alipoona mwenzake shingo haikazi, hatambai, hasemi, aliamini yeye ndiye chanzo. Alikuwa na mzigo huo miaka miwili na nusu, nami nalala naye chumba kimoja.

Nilidhani kunyamaza ni kumkinga. "Bado mdogo, hataelewa," ndivyo tunavyosema wengi. Lakini mtoto asipopewa jibu hulitunga mwenyewe, na katika umri ule ni rahisi mno kuamini kwamba yanayotokea nyumbani yametokana na yeye. Asipolitunga atalipata mtaani, ambako hawakosekani wa kumwambia habari za laana na kurogwa.

Usiku ule nilimweleza kwa maneno machache. Mdogo wako alipozaliwa alichelewa kupumua. Ubongo ukakosa hewa, sehemu inayoongoza miguu, mikono na ulimi ikaumia. Mafua hayafanyi hivyo. Mtindio wa ubongo hauambukizi. Hautaisha kama mafua yanavyoisha, ila mazoezi yanamsaidia. Kwa mtoto mwingine chanzo huwa manjano makali ya uchangani, malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na mara nyingine hakijulikani kabisa. Mzazi aulize kliniki bila haya, maana utamwelezaje mtoto jambo ambalo wewe mwenyewe hujaelezwa?

Binti yangu hakulia. Aliuliza tu: "Ananisikia?" Kesho yake akachukua mfuniko wa sufuria, akaugonga kwa mwiko. Mdogo wake akageuza macho, akacheka mwili mzima.

Wivu haukuisha. "Yeye anabebwa kila siku," aliniambia siku moja ya kliniki, na ilikuwa kweli. Nimeacha kumkaripia kwa maneno hayo. Jumamosi shangazi yao hubaki na mdogo, sisi wawili tunakwenda sokoni, yeye ndiye mchagua nyanya. Akiniletea kitambaa namshukuru, lakini simgeuzi yaya; mchezo wake wa rede na wenzake haukatizwi. Huniuma sana nikisikia binti wa darasa la pili anaambiwa, "Sisi tukifa, huyu utamtunza wewe." Mtoto wa miaka minane afanye nini na neno kama hilo?

Mwezi uliopita watoto wa jirani walisimama mlangoni wakimshangaa mwanangu kwenye kiti chake. Mmoja akasema, "Huyu taahira." Niliweka ungo chini niende. Binti yangu akaniwahi.

"Siyo taahira. Ana mtindio wa ubongo, alikosa hewa alipozaliwa. Ukigonga mfuniko anacheka. Unataka kuona?"

Wakaingia watatu. Jioni ile nilipika kwa kuchelewa, sufuria zangu zote zilikuwa uani.