Ekra nyeusi si kifo cha mashini

Kuran inarudi Bagira, mtoto anawasha mashini ya nyumba, alama ya Ubuntu inapita, kisha ekra inabaki nyeusi tii. Jana mashini ilifanya mizajuri, leo haionyeshi kitu. Na ndani yake muko hesabu za shimo, picha za baba aliye Kamituga, na TFC ya dada anayemaliza masomo. Hapo ndipo tunasikia: « Hii ilishakufa, tufute vyote. » Sisi tunasema: ngojeni kwanza.

Linux iko na moyo wake, unaitwa kerneli. Linus Torvalds wa Finland aliuanzisha mwaka 1991, na mpaka leo unafanywa upya kila mara. Kadi ya picha nayo inaongozwa na programu inayoitwa piloti. Piloti za Intel na AMD zinakuja ndani ya kerneli, kwa hiyo hazisumbui sana. Ile ya NVIDIA inatoka nje, inapaswa kulinganishwa na kila kerneli mpya. Kuran ikikatika katikati ya kazi, au mega zikiisha, piloti inabaki nyuma. Ni kama kuteremsha motopompe mpya shimoni na mpira wa ile ya zamani: injini inanguruma, maji hayapande.

Kwa kawaida Ubuntu haitupi kerneli ya zamani mara moja. Zima mashini, iwashe, kisha gusa-gusa Esc (kwa mashini za zamani, kamata Shift) mpaka orodha itokee. Chagua « Options avancées pour Ubuntu », halafu kerneli yenye namba ndogo, ile isiyoandikwa « recovery ». Mara nyingi picha inarudi, na kitu chako hakijapotea hata kimoja.

Hapo, mbele ya yote, kopia mafaili kwenye kle. Kisha nunua mega, fungua terminali, andika:

sudo apt install linux-headers-generic
sudo ubuntu-drivers install

Washa upya.

Ikikataa bado, endelea kutumia kerneli ya zamani, kazi isisimame, huku ukitafuta fundi. Na ukimpelekea mashini, mama, mwambie neno moja kabla hajaigusa: « Usifute kitu. » Piloti inapatikana tena. Hesabu za mwaka mzima wa shimo hazipatikane.