Homa Si Moja: Neno, Maradhi na Kinga Mtaani Kiamunyi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Hata hivyo, yako maradhi yasiyofichwa na mgonjwa, bali na neno analoyatajia. Kiamunyi ni mtaa ulio magharibi mwa jiji la Nakuru, kando ya barabara iendayo Eldama Ravine. Mzazi wa huko amwambiapo mhudumu wa zahanati kwamba mtoto “ana homa”, huenda anakusudia kamasi na chafya, au joto jingi mwilini, au malaria, au hata homa ya matumbo. Maradhi haya hayaambukizwi kwa njia moja, wala hayazuiwi kwa hatua moja. Makala haya yanafafanua tofauti zake na kuonyesha kwamba kuutaja ugonjwa kwa jina lake ni sehemu ya kinga.

Neno moja, maana nyingi

Neno homa lilitoholewa kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya joto la mwili lililozidi kiasi. Maana hiyo ndiyo iliyohifadhiwa katika Kiswahili sanifu, na ndiyo itumiwayo na wasemaji wengi wa Tanzania. Kwao, ugonjwa wa kutokwa na kamasi huitwa mafua. Katika bara la Kenya, neno hilo limehama: kwa watu wengi homa ndiyo hayo mafua. Wakati huohuo, istilahi zilizoundwa kwa maana ya awali zingali zikitumika, kama vile homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo na homa ya Bonde la Ufa.

Kiamunyi wanaishi wasemaji wa Kikuyu, Kikalenjin na lugha nyinginezo, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Hivyo basi, mgonjwa na mhudumu huweza kutumia neno lilelile pasi na kuelewana. Athari zake si za kisarufi tu. Anayedhani kwamba homa zote ni mafua hungoja zipite zenyewe, na anayedhani kwamba zote ni malaria hununua dawa dukani bila kupimwa.

Homa iletwayo na mbu

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya nyanda za juu hupunguza uenezaji wa malaria, ikilinganishwa na Pwani au kandokando ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo, mkazi wa Kiamunyi mwenye joto jingi mwilini hapaswi kudhania tu kwamba ana malaria. Aliyerejea karibuni kutoka sehemu zenye ugonjwa huo anapaswa kuitaja safari yake na kupimwa bila kukawia.

Homa iletwayo na maji na chakula

Homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, husababishwa na bakteria waishio ndani ya binadamu pekee. Hutoka pamoja na kinyesi na kumfikia mwingine kupitia maji, chakula au mikono michafu. Aidha, mtu aliyepona huweza kuendelea kuwabeba na kuwaeneza bila kuonyesha dalili yoyote.

Hapa ndipo ukuaji wa mitaa ya pembezoni kama Kiamunyi unapozua swali zito. Shamba linapogawanywa kuwa viwanja, kila kiwanja huhitaji choo na maji. Choo cha shimo kikichimbwa karibu na kisima, uchafu huweza kupenya ardhini na kuyafikia maji, hasa penye miamba yenye nyufa kama ile ya Bonde la Ufa. Maji hayo huonekana safi kwa macho. Njia hiyohiyo ndiyo ipitiwayo na kipindupindu. Kinga yake ni kuchemsha maji ya kunywa au kuyatia dawa, kunawa mikono kwa sabuni, kufunika chakula na kukitenga choo na kisima. Kuongezea hayo, mnamo Julai 2025 Kenya iliendesha kampeni ya kitaifa ya chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Chanjo hiyo haiondoi haja ya maji salama.

Homa ipitayo hewani

Mafua huenea kwa chafya, kikohozi na mikono. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilipotangazwa tarehe 13 Machi 2020, kauli “ni homa tu” ilipata hatari mpya, kwa kuwa dalili za mwanzo zilifanana. Kifua kikuu nacho huja kwa hila. Joto la jioni, jasho la usiku na kikohozi kilichozidi majuma mawili si “homa isiyosikia dawa”. Ni ishara za kwenda kupimwa. Matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6 na hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kufungua madirisha ya vyumba, madarasa na matatu ni kinga isiyogharimu chochote.

Homa iletwayo na mifugo

Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kisayansi mwaka 1931, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha, katika kaunti hiihii ya Nakuru. Huenezwa na mbu miongoni mwa mifugo, na binadamu huambukizwa zaidi agusapo damu au viungo vya mnyama mgonjwa. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 100 nchini. Wafugaji hawana budi kuepuka kumchinja mnyama mgonjwa na kula nyama isiyokaguliwa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba maji yaliyochemshwa hayamzuii mbu, wala chandarua hakizuii kikohozi. Kila homa ina mlango wake, na mlango usiojulikana haufungiki. Wataalamu na wanafunzi wa Kiswahili wanaoandaa mabango ya afya wana wajibu wa kuandika mafua panapokusudiwa mafua, na joto jingi mwilini panapokusudiwa joto. Mhudumu naye, akiambiwa “ana homa”, asiandike kwanza. Na aulize: homa ipi?