Watu Wanne na Godoro Moja



Mwaka uliopita mama mmoja wa kikundi chetu aliambiwa ana uvimbe katika tumbo la uzazi, na kwamba ni lazima afanyiwe upasuaji. Aliogopa sana. Wengine wakamwambia, "Ukiwa na imani, kisu ni cha nini?" Sisi hatukukubali maneno hayo. Mtume Paulo mwenyewe alikuwa na rafiki tabibu, jina lake Luka. Mungu huponya pia kwa mikono ya waganga.

Basi tukamwombea. Siku ya upasuaji tulifika hospitali asubuhi mapema, watu kumi na wanne. Lakini hapo ndipo tulipokosea. Mmoja wetu, kwa upendo tu, alimletea chai ya maziwa na mkate. Muuguzi alipomwuliza kama amekula, mwenzetu alisema kweli. Upasuaji ukaahirishwa wiki mbili. Alilia, nasi tukaona haya. Kurudi nyumbani kwake tukakuta watoto hawajala na ng'ombe hajakamuliwa, kwa maana sote tulikuwa hospitalini tukiomba!

Jioni ile tulisoma Marko 2, habari za mtu aliyepooza. Rafiki zake wanne walimbeba mpaka kwa Yesu, wakatoboa dari wakamteremsha. Imani yao ilionekana kwa kubeba. Tangu hapo tunagawana pembe nne za godoro.

Pembe ya kwanza: Kumsindikiza

Mtu mmoja anayeaminika aende na mgonjwa kwa daktari. Waulize: Ni nini kitakachofanywa? Hatari zake ni zipi? Atalazwa siku ngapi? Gharama ni kiasi gani? Mgonjwa aeleze dawa zote anazotumia, hata za miti shamba, kwani nyingine huzidisha kutoka damu. Asisahau kutaja presha au sukari akiwa nazo.

Kuhusu chakula, fuateni agizo la hospitali yenu. Kwa kawaida mtu mzima huacha kula saa sita au zaidi kabla ya upasuaji, na maji matupu saa mbili kabla. Chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula. Sababu ni hii: akishalazwa na dawa ya usingizi, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni, na hiyo ni hatari ya kufa. Kama kikundi kinataka kufunga na kuomba, wafunge walio wazima. Mgonjwa afunge kama alivyoagizwa na daktari tu.

Pembe ya pili: Damu na fedha

Ulizeni mapema kama damu itahitajika. Anayetoa damu awe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na awe na afya njema. Hutolewa kama mililita 450 hivi, na mwili huirudisha.

Kuhusu fedha, msingoje mtu augue ndipo mwite harambee. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kima cha chini cha mchango ni shilingi 300 kwa mwezi kwa kila nyumba. Hakikisheni kila mwanachama amejiandikisha na michango yake imelipwa.

Pembe ya tatu: Nyumbani

Andikeni majina kwenye daftari: nani atapika, nani atateka maji, nani atakamua, nani atawapeleka watoto shule. Mgonjwa akijua nyumba yake iko salama, moyo hutulia.

Pembe ya nne: Sala na uangalizi

Wodini waingie watu wawili tu, wakiwa wamenawa mikono. Mwulizeni kwanza kama angependa kuombewa. Sala iwe fupi na ya sauti ya chini, maana kitanda cha pili kuna mgonjwa mwingine. Msimsimulie habari za fulani aliyekufa thieta. Wala msimwambie maumivu ni dalili ya imani haba.

Akirudi nyumbani, mwacheni atembee kidogo kidogo kila siku. Baada ya upasuaji wa tumbo, asibebe debe la maji wala kuni kwa muda wa wiki sita hivi, au kama alivyoagizwa. Mrudisheni hospitali upesi mkiona homa, usaha, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba, au akishindwa kupumua vizuri.

Mwenzetu alifanyiwa upasuaji mara ya pili tulipokuwa tumejipanga, na leo yuko shambani. Tunamshukuru Mungu. Lakini tunajua si kila mgonjwa hurudi. Sala si njia ya kumlazimisha Mungu. Ni ahadi kwamba rafiki yetu hataachwa peke yake, matokeo yawe yapi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, kuna mwenzetu anayeogopa kwenda hospitali? Tumemwendea?
2. Ni nani kati yetu hajajiandikisha SHA? Kinachomzuia ni nini?
3. Mmoja wetu akilazwa kesho, nani atashika pembe gani?