Je, Wajua? Koti la Kazi Huchaguliwa kwa Macho ya Anayekutafuta

Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika unataka giza. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa za wavuvi hushindwa kuwakusanya samaki, na mitumbwi mingi ya Katonga, Kibirizi na Ujiji hukaa ufukweni. Giza likirudi, wavuvi huingia ziwani jioni na kurejea asubuhi. Kwa hiyo mvuvi hufanya kazi katika saa zile ambazo mtu aliyeanguka majini ni vigumu mno kuonekana, na ndizo saa za baridi. Wapakiaji wa bandarini, mafundi wa reli na waendesha bodaboda wa Kigoma nao wana saa zao za namna hiyo. Haya ni mambo ya kujua kabla hujatoa fedha yako kwa koti la kazi.

1. Maji ya uvuguvugu nayo huleta baridi ya kuua

Uso wa Ziwa Tanganyika kwa kawaida huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Ukiyagusa kwa mkono, ni maji mazuri ya kuoga. Lakini mwili wa binadamu hukaa kwenye nyuzi 37, na maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kwa kasi kuliko hewa tulivu. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu ameingia katika hali ambayo madaktari huiita haipothemia: anatetemeka, vidole vinakataa kushika kamba, na akili inaanza kuchanganyikiwa. Katika Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, hali hiyo inaweza kumpata mtu ndani ya saa moja. Tanganyika huchukua muda mrefu zaidi, lakini usiku mmoja una saa nyingi.

2. Shati lililolowa huiba joto hata ukiwa umeketi mtumbwini

Kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusi huvuma ziwani kwa nguvu, na mvuvi anayevuta nyavu hulowa mara kwa mara. Lita moja ya maji ikikauka hubeba joto la kilojuli 2,400 hivi, kiasi kinachotosha kuchemsha lita saba za maji ya kawaida. Shati likiwa limegandamana na ngozi, sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwenye mwili wako. Ndiyo maana koti jepesi la mvua lisilopitisha upepo linaweza kukusaidia kuliko sweta mbili nzito zilizolowa. Upepo ukizuiwa, ukaukaji hupungua, na joto hubaki kwa mwenyewe.

3. Pamba hufaa mchana tu

Fulana ya pamba hunywa maji, hulala juu ya ngozi na kuchelewa kukauka. Sufu ni tofauti: inaweza kubeba unyevu unaofikia karibu theluthi ya uzito wake bila mvaaji kuhisi ameloa, na hubaki na joto kiasi hata ikilowa. Vitambaa vya polista vyenye manyoya laini, vinavyojaa kwenye marobota ya mitumba, karibu havinywi maji kabisa. Ukivikamua vizuri, vinarudisha hewa kati ya nyuzi zake, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto. Kwa kazi ya usiku ziwani, mpango mzuri ni tabaka mbili au tatu: la polista au sufu karibu na ngozi, sweta ya manyoya juu yake, kisha koti la mvua.

4. Ujiji imekuwa ikivaa nguo za Massachusetts tangu enzi za misafara

Wasafiri Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji Februari 1858, nguo ilikuwa fedha. Merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ilifumwa katika viwanda vya Marekani, hasa jimbo la Massachusetts, ikaletwa Unguja kwa meli, kisha ikabebwa na wapagazi hadi ziwani. Ilipimwa kwa dhiraa: shuka ilikuwa dhiraa nne, na doti dhiraa nane. Kando yake ilikuwepo kaniki, nguo ya buluu iliyokoza, ambayo usiku haionekani kabisa. Miaka 120 hivi baadaye, mwaka 1979, kiwanda cha Malden Mills cha Lawrence, katika jimbo hilohilo la Massachusetts, kilianza kutengeneza kile kitambaa cha polista chenye manyoya ambacho leo kinauzwa kwa mitumba Kigoma mjini. Wapagazi walibeba pamba isiyofaa kwa baridi ya maji. Wajukuu wao wanaweza kuchagua.

5. Rangi kali ya njano haiwaki yenyewe

Mwaka 1933, kijana wa California aitwaye Bob Switzer alianguka na kuumia kichwa akiwa kazini, akipakua makreti ya nyanya. Akatakiwa kukaa gizani macho yake yapone. Humo gizani yeye na ndugu yake Joseph wakaanza kuchezea kemikali zinazong'aa zikipigwa na miale ya urujuanimno, na kutokana na majaribio hayo zikazaliwa rangi ambazo leo tunaziona kwenye vizibao vya kazi. Siri yake ni hii: rangi hizo hupokea miale ya jua ambayo macho yetu hayaioni, kisha huitoa ikiwa mwanga unaoonekana. Ndiyo maana kizibao huonekana kama kina mwanga kuliko vitu vinavyokizunguka, hasa alfajiri na siku za mawingu. Jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, miale hiyo inakwisha, na kizibao kinabaki kuwa kitambaa cha njano kama vingine.

6. Giza likiingia, nyekundu ndiyo hupotea kwanza

Mchana, jicho la binadamu ni jepesi zaidi kuona rangi iliyo kati ya njano na kijani. Mwanga unapofifia, wepesi huo huhamia upande wa buluu, na nyekundu hugeuka kuwa nyeusi. Jambo hili lilielezwa katika karne ya 19 na mtaalamu Jan Purkyně, aliyeona maua mekundu yakififia mapema kuliko majani yake. Somo kwa anayenunua: koti jekundu la kawaida ni zuri adhuhuri, lakini saa moja jioni halikusaidii. Njano inayoelekea kijani hudumu zaidi machoni. Rangi ya machungwa nayo ina faida yake mchana ziwani, kwa kuwa maji, povu na magugu havina rangi hiyo.

7. Mkanda wa fedha humrudishia mwanga mwenye taa, si mwingine

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Ule mkanda wa kijivu kwenye kizibao umepangwa shanga ndogo mno za kioo, au vipande vidogo vya plastiki vyenye pembe tatu. Kioo cha kawaida cha kujitazamia hutupa mwanga upande mwingine. Shanga hizi huurudisha mwanga kulekule ulikotoka. Dereva huuona mkanda ukiwaka kwa sababu taa za gari ziko karibu na macho yake. Mtu aliyesimama mita kumi pembeni ya gari haoni chochote.

Sasa peleka jambo hilo ziwani. Mwenzako ameanguka majini, naye amevaa koti lenye mkanda. Taa kubwa ya kuvutia dagaa inaning'inia upande wa pili wa mtumbwi. Mwanga wake unamfikia mwenzako, unarudi kwenye taa, na wewe uliye kwenye ncha nyingine huuoni. Chukua tochi, iweke pembeni mwa jicho lako, usawa wa sikio, kisha mulika maji polepole. Mkanda utawaka. Tochi ileile ukiishika kiunoni, mkanda hufifia sana. Kila mwenye chombo anapaswa kuwafundisha vijana wake jambo hili kabla ya safari ya kwanza.

8. Taa ya dagaa humpofusha mvuvi

Jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na sekunde chache za mwanga mkali hulirudisha mwanzo. Mvuvi aliyekaa usiku kucha kando ya karabai, au taa za LED zinazotumia betri za sola, hana macho ya gizani. Akigeuka ghafla kutazama maji nyuma yake, huona weusi mtupu. Kwa hiyo hoja ya kwamba "tutaonana tu, tuko karibu" haina nguvu. Karibu na taa ndiko giza la nje huonekana zito zaidi.

9. Reli ya Kigoma ilitangulia kizibao kwa miaka 50

Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya kilomita zipatazo 1,250. Wakati huo hapakuwa na vazi la kazi la kung'aa popote duniani. Majaribio ya mwanzo yanayojulikana yalifanywa mwaka 1964 na shirika la reli la Uingereza huko Glasgow, Uskoti, ambako mafundi wa njia walivalishwa vizibao vya rangi ya machungwa baada ya treni za umeme, zenye mwendo mkali na kelele ndogo, kuanza kupita. Hoja iliyowasukuma ingali hai leo: dereva anahitaji kumwona fundi mapema, kwa kuwa treni haisimami papo hapo.

10. Ukubwa wa rangi hupimwa kwa mita za mraba

Kipimo cha kimataifa cha nguo hizi, ISO 20471 cha mwaka 2013, kina madaraja matatu. La kwanza linataka angalau mita ya mraba 0.14 ya kitambaa cha rangi kali na 0.10 ya mkanda. La pili 0.50 na 0.13, la tatu 0.80 na 0.20. Daraja la tatu kwa kawaida ni koti lenye mikono, au koti pamoja na suruali, kwa sababu mikono na miguu inayotembea humwambia mtazamaji kwamba kile ni kiumbe, si pipa. Mkanda usipungue upana wa sentimita 5. Kizibao chembamba chenye utepe wa kidole kimoja ni pambo.

11. Kizibao cha barabarani si vazi la majini

Mikanda ya kizibao cha barabarani huzunguka kifua na kiuno. Mtu akiwa majini, sehemu hizo zimezama. Kwa hiyo, kwa kazi ya ziwani, tafuta mkanda mabegani, kwenye kola na kwenye kofia. Angalia pia aina yake: mikanda yenye shanga zilizo wazi hupoteza nguvu nyingi ikilowa, wakati ile iliyofunikwa kwa plastiki huendelea kuwaka ndani ya maji.

Jaketi la kujiokolea ndilo linalovaliwa nje ya vyote, likiwa limefungwa. Ukivaa koti la mvua juu yake, umeificha rangi yake na mikanda yake. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, uliotungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama, unataka jaketi la meli liwe na filimbi na taa inayowaka kwa saa 8. Mtumbwi wa Katonga haubanwi na mkataba huo, lakini akili yake ni ya kuazima: sauti hukauka kwa kupiga kelele, filimbi haichoki. Jaketi pia humwezesha mtu kutulia badala ya kuogelea ovyo, na kukunja magoti hadi kifuani ili joto lisitoke kwapani na mapajani. Wakiwa watatu au zaidi, washikamane. Nguo zisivuliwe, kwa kuwa maji yaliyonaswa ndani yake hupata joto kidogo na kukaa.

12. Mfanyakazi hapaswi kujinunulia usalama

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika ibara ya 21 kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Bandarini na relini jambo hili ni wazi. Katika mitumbwi, ambako mapato hugawanywa kati ya tajiri na vijana wake, jaketi na makoti yanastahili kuhesabiwa pamoja na mafuta na nyavu, kabla ya mgao.

13. Tochi ya simu inatosha kulipima koti sokoni

Ukiwa kwenye kibanda cha mitumba, mwombe muuzaji alitundike koti mahali penye kivuli. Rudi hatua kumi, weka tochi ya simu kando ya jicho, na uliangalie. Mkanda mzima huwaka sawasawa. Uliochakaa huwa na madoa meusi, kwa kuwa shanga zimedondoka. Mwagia maji kidogo, upime tena. Kisha tazama rangi juani: ikiwa imepauka, jua limekwisha kuila. Nyumbani, lifue kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kuondolea madoa, lianike kivulini upande wa ndani ukiwa nje, usipige pasi mkanda, na usiache masizi ya taa na magamba ya samaki yakaufunika.

Mwisho, jaribu hili na wenzako usiku mmoja kabla ya kuingia ziwani. Mmoja avae koti na kusimama mbali ufukweni, mwingine ashike tochi na kumtafuta, kisha mbadilishane. Wengi wetu huchagua koti kwa kujitazama wenyewe. Anayelihitaji lionekane ni yule atakayeshika tochi usiku ule, na yeye ndiye anayepaswa kuulizwa kama koti linafaa.