Taa Zinapoota Miiba: Kweli na Uongo Kuhusu Astigimatizimu

Katika nyanda za chai giza huingia upesi, na ukungu haungoji kukaribishwa. Ukitoka Kericho kwenda Bomet kupitia Litein, Kapkatet na Kaplong baada ya saa moja jioni, utapishana na malori ya majani chai yanayokimbilia kiwandani, matatu zilizochelewa, na bodaboda zenye taa moja ambayo pengine haikufungwa sawasawa. Kwa dereva, kila taa ni duara. Kwa abiria wa kiti cha mbele, taa hizo hizo zina mikia na miiba. Wakibishana, hakuna anayedanganya.

Anayeona mikia huenda ana astigimatizimu. Konea, ule utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho, unatakiwa uwe umejipinda sawa pande zote. Ukiwa umejipinda zaidi upande mmoja, umbo likaelekea yai badala ya mpira, miale ya mwanga haikutani mahali pamoja, na nukta hugeuka mstari. Hali hii ni ya kawaida mno. Wengi wamezaliwa nayo na hawajui, maana mchana haiwasumbui sana. Yanayosemwa juu yake, ndiyo yanayosumbua.

“Taa ikiwa na mikia, taa ndiyo mbovu.” Mara nyingi ni uongo, na kuna njia ya kuhakikisha isiyogharimu hata shilingi. Usiku usio na ukungu, toka nje utafute mnara wa simu juu ya kilima wenye taa nyekundu kileleni. Itazame, kisha laza kichwa begani taratibu. Mikia ikizunguka pamoja na kichwa chako, inatoka jichoni. Ikibaki pale pale, chanzo kiko nje yako. Kisha toboa kadi kwa sindano, uchungulie taa ile ile kupitia katundu hako. Mikia ikifupika, ni ushahidi mwingine kwamba tatizo ni la jicho lenyewe, kwa kuwa katundu huruhusu mwanga mwembamba tu kupita, na huo hauna nafasi ya kutawanyika.

Ndani ya gari, mshukiwa wa pili ni kioo. Waipa iliyozeeka huacha mikwaruzo na mafuta yaliyojipanga upande mmoja, na kila taa inayokuja hutoa mstari unaokatiza mikwaruzo hiyo. Huo haugeuki ukilaza kichwa. Ukungu nao una alama yake: huizungushia taa wingu la mviringo, haumchorei mtu miiba.

“Jicho zima halioni mwale hata mmoja.” Uongo. Lenzi iliyo ndani ya jicho ina mishono ya asili, na hiyo peke yake inatosha kuipa nyota vijimiale. Ndiyo maana watu wa karne nyingi wamechora nyota yenye ncha, ingawa nyota kwa umbali wake ni nukta tu. Cha kuuliza ni miale ni mirefu kiasi gani, na kama imeelemea upande mmoja. Kwa mzee mwenye miaka sitini au sabini ambaye miale imemwanza juzi, jibu linaweza kuwa mtoto wa jicho, na hapo habari za kadi na sindano ziishe, aende akapimwe.

“Ni uchovu wa jioni tu.” Uchovu upo, hasa kwa aliyeanza kuchuna chai kabla jua halijapanda. Lakini sababu kubwa ni mboni. Juani mboni hujifinya na kufanya kazi ya kale katundu ka sindano. Gizani hupanuka, mwanga ukapita hata kwenye pembe za konea ambako kasoro ni kubwa zaidi. Jicho ni lile lile la saa sita mchana. Mlango ndio umefunguliwa.

“Kilengeo cha nukta nyekundu kikionyesha nukta yenye mkia, kimeharibika.” Dai hili ni la watu wachache kwetu, kwa kuwa raia hawezi kumiliki bunduki Kenya bila leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Hata hivyo nalipenda, kwa sababu kifaa hiki humfichua upesi mwenye astigimatizimu.

Wengi hudhani kilengeo hicho hurusha mwale mwekundu hadi kwenye shabaha, kama tunavyoona kwenye sinema. Sivyo. Ndani yake kuna kitaa kidogo sana kinachomulika kioo kilichopakwa dawa maalum. Kioo hicho hurudisha mwanga huo mwekundu kwa mlengaji ukiwa kama unatoka mbali, miale ikiwa sambamba, huku kikiruhusu mandhari kupita. Aliye upande wa pili haoni nukta yoyote kwenye kifua chake. Wazo lenyewe ni la zamani: Howard Grubb wa Dublin alilisajili mwaka 1900, na kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ikaleta kilengeo cha umeme cha namna hii katikati ya miaka ya 1970. Wapenda nyota nao hufunga kifaa cha aina hiyo hiyo juu ya darubini zao ili waielekeze.

Kwa hiyo mlengaji anatazama nukta kali, ndogo, iliyo peke yake. Jicho lenye astigimatizimu halina pa kujificha. Mmoja ataona koma, mwingine kishada cha zabibu, mwingine nukta mbili. Kilengeo cha kawaida kina nukta ya MOA 2 (MOA ni kipimo cha pembe), ambayo kwa mita 100 hufunika takribani sentimita 5.8 za shabaha. Ikirefuka mara tatu machoni mwako, unakisia ndani ya mstari wa karibu sentimita 17. Kabla ya kukirudisha dukani, kipige picha kwa simu: picha ikionyesha nukta ya duara, kilengeo ni kizima.

Je, cha bei ghali kitaponya? Hapana, kwa kuwa hakuna bei inayonyoosha konea. Kupunguza ukali wa nukta husaidia kidogo, hasa jioni. Viko pia vilengeo vya prizimu, ambavyo alama yake imechongwa kwenye kioo na vina sehemu ya kurekebisha ukali wa picha kwa jicho. Wengi huona alama hiyo ikiwa safi zaidi, ingawa marekebisho hayo ni ya kuona mbali au karibu, si ya astigimatizimu yenyewe. Dawa ya kweli ni miwani iliyopimwa.

“Miwani yoyote ya sokoni itafaa.” Uongo mtupu, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Miwani ya kusomea inayoning'inizwa kwenye vibao siku ya soko ina nguvu sawa pande zote. Mwenye astigimatizimu anahitaji lenzi yenye nguvu zaidi upande mmoja. Ile ya njano inayouzwa kwa madereva wa usiku haibadilishi umbo la mwanga hata chembe. Inaupunguza tu, na barabarani usiku kila chembe ya mwanga inahitajika.

Aliyetengenezewa lenzi kama hiyo mapema kabisa alikuwa mtu wa nyota. George Biddell Airy, mtaalamu wa falaki wa Uingereza, aligundua kwamba jicho lake la kushoto liligeuza nukta za mwanga kuwa mistari. Akatoboa kadi, akawa anaisogeza mbele na nyuma akipima ni umbali gani nukta hugeuka mstari wa upande huu, na umbali gani hugeuka mstari wa upande ule. Kwa hesabu hizo, mwaka 1825 akapata fundi wa Ipswich wa kumsagia lenzi. Miwani inayotengenezwa leo bado inafuata kanuni hiyo hiyo.

“Miwani hudhoofisha macho.” Uongo. Kinachoweza kuharibu konea ni vidole. Mtoto mwenye mzio, macho yakimwasha kwa vumbi au chavua, husugua mchana kutwa, na kusugua huko kwa miaka kunahusishwa na keratokonasi, ugonjwa unaoikondesha konea hadi ikachongoka. Kijana ambaye nambari za miwani yake hupanda kila anapopimwa, na macho yanamwasha, asibadilishiwe lenzi tu akaachwa aende. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ina kitengo cha macho. Huko ndiko kwa kumpeleka, na mwasho wenyewe utibiwe.

“Nimevaa miwani iliyopimwa na bado naona mikia, basi nimetapeliwa.” Huenda, lakini kwanza tazama fremu. Kwenye karatasi ya vipimo kuna safu ya CYL, nguvu ya ziada, na safu ya AXIS, pembe kuanzia 1 hadi 180 inayoonyesha nguvu hiyo ikae upande gani. Lenzi ikizunguka nyuzi 10 kutoka pembe yake, karibu theluthi moja ya faida imekwenda. Ikifika nyuzi 30, ni kama hukuvaa kitu. Sasa mwangalie mwendesha bodaboda akiivaa helmeti juu ya miwani: mkono mmoja wa fremu unasukumwa juu, mwingine unabaki sikioni, na anaondoka hivyo hivyo hadi Sotik. Kuvua miwani, kuvaa helmeti kwanza na kuipenyeza miwani baadaye kupitia mbele, kisha kuisawazisha kwenye kioo cha pikipiki, hakuchukui hata dakika.