Kuchagua Mafunzo ya Lugha ya Kigeni



Sasa unajua kusoma na kuandika Kiswahili. Huenda unataka pia kujifunza lugha ya kigeni, kama Kiingereza au Kiarabu. Hilo ni jambo jema. Lakini usitoe pesa zako kabla ya kuyachunguza mafunzo.

Kwanza, jiulize: Lugha hiyo nitaitumia kwa kazi gani? Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa ulianza katika mikoa ya Ziwa Victoria. Mkulima wa pamba alisoma kitabu cha pamba. Mvuvi alisoma kitabu cha samaki. Nawe fanya vivyo hivyo. Kama unauza vinyago kwa watalii, tafuta mafunzo yanayoanza na salamu, hesabu na bei. Kama unataka kusoma maonyo kwenye chupa za dawa za mimea, tafuta mafunzo ya kusoma.

Pili, mafunzo yanaelezwa kwa lugha gani? Programu nyingi za simu hueleza kwa Kiingereza. Asiyejua Kiingereza atajifunzaje Kiarabu humo? Tafuta inayoeleza kwa Kiswahili.

Tatu, je, utapata nafasi ya kusema? Redio hukusikilizisha matamshi, lakini yenyewe haikusikii. Simu hurudia somo kadiri utakavyo, lakini hula kifurushi. Mwalimu hukusikia na kukusahihisha, lakini kuna karo na nauli. Jumlisha gharama zote.

Nne, jihadhari na ahadi. Wengine husema, "Utajua Kiingereza kwa mwezi mmoja." Usikubali. Huko Marekani kipo chuo cha serikali kinachowafundisha maofisa wa ubalozi lugha za kigeni. Chuo hicho kimekadiria kuwa Mmarekani huhitaji wiki 36 hivi kujifunza Kiswahili, akisoma kila siku ya kazi. Je, sisi tutaijua lugha yao kwa wiki 4? Mwezi mmoja unatosha kwa salamu, hesabu na maneno machache ya kazi. Hautoshi kuelewa mkataba.

Kabla ya kulipa, omba kuhudhuria somo moja. Lipa kidogo kidogo. Dai stakabadhi. Na ukipewa mkataba ulioandikwa kwa lugha usiyoielewa, usitie sahihi mpaka usomewe na mtu unayemwamini.

Maswali ya kujadili darasani
1. Kazi yako inahitaji maneno gani ya lugha ya kigeni?
2. Redio, simu na mwalimu: kila kimoja kina faida na hasara gani?
3. Kwa nini tudai stakabadhi?